Mchoro Mnene Ukipasuka, Anza Kuutazama Mgongoni

Anayechora mandhari ya Mwanza kwa rangi ya kujengwa hupatwa na masikitiko mapema. Umekaa wiki mbili ukilipandisha jiwe moja juu ya ubao, ukalikandika, ukalikwangua, ukalipa tumbo na mgongo. Asubuhi unafungua mlango wa studio, unakuta lina nyufa ambazo hukuzichora. Unashika brashi haraka uzifunike. Hapo ndipo kazi inapoharibika mara ya pili.

Ninaouzungumzia hapa ni uchoraji dhahania wenye miinuko. Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa Mwanza uliosimama ziwani, tunaliacha kwenye kadi za posta. Tunachochukua ni uzito wake, namna mawe ya hapa yanavyoegemeana kama watu waliochoka, na ule mstari ambapo maji hukutana na jiwe. Kisha tunavijenga kwa gundi, unga, mchanga na rangi mpaka mkono uweze kuvipapasa. Kazi ya namna hii ni picha, na papo hapo ni plasta. Ndiyo maana nusu ya matatizo yake fundi wa plasta wa Igoma atakutatulia upesi kuliko kitabu cha sanaa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa uso, geuza mchoro. Tazama mgongo: kuna doa la maji? Alama za mbao za fremu zimejichora? Ubao umepinda? Kisha ulaze kifudifudi juu ya shuka nene na uugonge polepole kwa kifundo cha kidole, kama fundi anavyogonga vigae vya sakafu. Penye sauti nzito pameshika. Penye sauti ya utupu pameachia, hata kama mbele panaonekana pazima. Mimi huandika mgongoni kwa penseli kila nilichoweka: tarehe, mchanganyiko, tabaka la ngapi, mvua au jua. Maandishi hayo yameniokoa mara nyingi kuliko kumbukumbu yangu.

Nyufa

Hapa nitakaa, kwa sababu vijana wengi wanaokuja studio kwangu Isamilo huja na tatizo hili, na wote huuliza swali moja: "Mwalimu, nipake nini juu?" Jibu linategemea sura ya ufa.

Ukiona uso umegawanyika vipande vipande, kama jaruba la mpunga lililokauka mwezi wa Agosti, na umetokea ndani ya siku moja au mbili, chanzo ni maji. Umepaka tabaka nene la rangi ya maji au puti ya ukuta, juu pakakauka pakawa ngozi, chini pangali pabichi. Maji ya chini yanapotoka, tabaka linasinyaa, na ngozi ya juu haina pa kwenda ila kupasuka. Mwanza jambo hili huzidishwa na upepo wa ziwani, unaoanza kuingia nchi kavu jua likishapanda na kuendelea hadi jioni. Unaacha dirisha wazi upate hewa, kumbe unaukausha uso peke yake.

Dawa yake ni uvumilivu wa kupima. Usizidishe milimita 3 kwa tabaka moja. Acha likauke kabisa, hata siku mbili tatu wakati wa masika, ndipo upande juu. Punguza maji kwenye mchanganyiko na ongeza kijazio: mchanga uliooshwa, unga wa mawe, unga wa mbao. Kisha chukua nyuzi za katani, zikate urefu wa sentimita 2 hivi, uzichambue na kuzichanganya ndani. Katani inashika plasta kama nondo zinavyoshika zege. Wanaotengeneza dari na nakshi za jipsamu wameitumia miaka mingi, na sisi ni nchi ya mkonge. Mwisho, funika kazi kwa nailoni iliyoachwa wazi pembeni usiku wa kwanza, ili maji yatoke polepole kutoka kina chote.

Angalizo: jipsamu na simenti haziendi hivyo. Jipsamu haikauki tu, inaganda kwa kuyala maji yenyewe. Utaisikia inapata joto mkononi. Haisinyai kama rangi, bali hupanuka kidogo sana. Kwa hiyo ukitaka tumbo nene la jiwe, lijenge kwa jipsamu na uache rangi iwe ngozi nyembamba juu yake. Kipimo changu ni gramu 100 za unga kwa gramu 70 za maji, unga ukinyunyizwa majini, si maji kumwagwa kwenye unga. Ikianza kushika ndooni, usiiongezee maji kuifufua. Itakubali, itapakika, na wiki ijayo itakuwa chaki. Simenti nyeupe nayo inataka kinyume cha rangi: isikauke mapema. Inyunyizie maji siku kadhaa. Nyufa zafanana, lakini tiba ya moja ni sumu kwa nyingine, ndiyo maana nasisitiza maandishi ya mgongoni.

Ufa wa pili ni ule mrefu, ulionyooka, unaofuata ukingo wa fremu kwa umbali wa vidole vitatu hivi. Huu haukutokana na kukauka. Kitambaa kimecheza na plasta haikucheza nacho. Niliwahi kumkabidhi mteja wa Sengerema kazi ya zaidi ya mita moja niliyoijenga kwa jipsamu juu ya kitambaa cha marekani. Ilifungwa vizuri, ikasafirishwa kwa pikapu hadi kivuko cha Kamanga, ikavuka. Ilipofunguliwa upande wa pili ilikuwa na mistari minne, kila upande mmoja, kana kwamba mtu ameichora fremu kwa mbele. Mbao za nyuma ndizo zilizokuwa zikigongana na kitambaa kwa kila tuta la barabarani. Kosa lilikuwa langu: kigumu hakikai juu ya kinachonesanesa. Tangu hapo jipsamu na simenti naziweka juu ya plaiwudi ya milimita 9 au zaidi yenye mikanda ya mbao mgongoni. Juu ya kitambaa naweka rangi ya akriliki yenye gundi tu, nayo isizidi unene wa sarafu mbili.

Ufa wa tatu huchelewa, hata miezi, na huja na mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Huu ni wa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta haikauki kwa kutoa maji. Inakomaa kwa kuvuta hewa ya oksijeni, kuanzia juu. Ukiipaka nene, juu inafunga mlango na ndani inabaki laini. Wengi huvutwa na mfano wa Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, kazi zikang'aa na kudumu. Ni kweli, lakini yeye alipaka bapa. Rangi ile ile ukiimwaga kujenga kilima itakunjamana. Jenga mwinuko kwa vitu vingine, ukauke, ndipo umalizie kwa mafuta mepesi. Na kama unapanda tabaka la mafuta juu ya la mafuta, la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mengi zaidi. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta usijaribu kabisa.

Kuponya: kama kingo za ufa zimelala, changanya gundi nyeupe ya maseremala na maji kiasi kwa kiasi, ivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, iingize, funika kwa nailoni, kandamiza kwa mfuko wa mchanga usiku kucha. Kama kingo zimenyanyuka, zilainishe kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo zitakatika. Ufa wa jipsamu utanue kwa ncha ya kisu uwe kama herufi V, uulowanishe, ujaze.

Si kila ufa unastahili kuzibwa. Weka alama ndogo ya penseli kwenye ncha zake mbili na tarehe, kama wahandisi wanavyofanya kwenye nguzo. Mwezi ukipita haujasogea, jiulize kama umekaa mahali ambapo jiwe lenyewe lingepasuka. Matale, yaani haya mawe magumu ya Mwanza, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yamekuwa yakipasuka kwa mistari yake na kubanduka maganda kama kitunguu. Ufa unaofuata umbo hilo ninauacha. Unaotembea bado, siuzi.

Kubanduka

Dalili: vipande vinatoka vizima, na nyuma yake ni safi kama sahani. Kipande kikitoka na unga wa tabaka la chini, tatizo ni udhaifu wa tabaka hilo. Kikitoka safi, hapakuwa na mshiko.

Siku moja nilimwita jirani yangu, fundi wa plasta, aone ubao uliokuwa ukinitupia mawe sakafuni. Aliokota kipande, akakipitisha kidole nyuma, akaniambia, "Mama, hapa umeplasta juu ya kioo." Ulikuwa ubao wa kazi ya zamani, una rangi ya kung'aa, na nilikuwa nimeufuta vumbi tu. Ubao wa namna hiyo unataka msasa namba 80 mpaka mng'aro uishe, kisha ufutwe, kisha upakwe gundi iliyozimuliwa na kunyunyiziwa mchanga mkavu kabla haijakauka. Mchanga huo ndio meno. Hadibodi nayo ina upande laini na upande wenye alama za wavu. Mara nyingi upande mbaya kwa macho ndio mzuri kwa kazi yetu.

Kama studio yako ni chumba hicho hicho unachopikia, moshi na mvuke wa mafuta huacha utando usioonekana juu ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Zioshe kwa sabuni, zikauke, kabla ya chochote.

Kuna pia mchanga wenyewe. Wachoraji wa pwani huhangaika na chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi si shida yetu. Shida yetu ni matope na mabaki ya magugu. Tope linaivika kila chembe koti, gundi inalishika koti, na chembe inabaki huru. Jaza mchanga nusu chupa ya maji ya plastiki, ongeza maji, tikisa, iache saa moja. Ukiona mkanda wa tope umelala juu ya mchanga, osha tena hadi maji yawe meupe. Na mchanga wenyewe nunua ndoo moja kwa mafundi ujenzi, usichimbe ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mtu anayeishi kwa kuchora ufuko asiwe wa kwanza kuula.

Kulegea na kupinda

Piga hesabu kabla ya kujenga. Mwinuko wa sentimita 1 juu ya eneo la mita 1 kwa mita 1 ni lita 10. Lita moja ya mchanga mkavu ina kama kilo 1.6. Hizo ni kilo 16 kabla hujaweka gundi wala ubao, na unataka ining'inie kwenye msumari mmoja!

Punguza uzito kutoka ndani. Mimi hutumia maboksi ya povu jeupe yanayobebea minofu ya sangara. Yaliyovunjika hupatikana kwa bei ndogo. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe, yakwangue kwa kisu upate tumbo la jiwe, yabandike kwa gundi nyeupe, kisha yavike kitambaa na ngozi nyembamba ya jipsamu yenye katani. Thina isiyaguse: inayayeyusha mbele ya macho yako. Pumba za mpunga nazo ni nyepesi, lakini zikaangwe kidogo kwanza, vinginevyo wadudu watazifuata.

Ubao ukipinda kuelekea mbele, sababu ni kwamba umepaka upande mmoja tu. Paka mgongo tabaka zile zile za gundi na rangi, siku ile ile. Ulioshapinda ulowanishe mgongoni, uulaze chini ya mawe mazito siku tatu, kisha upigilie mikanda. Hufanikiwa kwa plaiwudi. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ikivimba kingo sijawahi kuiokoa.

Kuvu, unga mweupe na wadudu

Madoa ya kijivu yenye harufu wakati wa masika ni kuvu, na karibu kila mara kuna chakula ndani ya mchanganyiko: uji wa muhogo au wa ngano uliotumika kama gundi. Futa kwa spiriti, kausha kivulini penye hewa, na utundike kazi ikiwa imeachana na ukuta kwa sentimita 2 au 3. Safari ijayo usitumie uji.

Unga mweupe unaoota juu ya simenti au chokaa ni chumvi zinazobebwa na maji yanayotoka. Zipanguse kwa brashi kavu. Ukizifuta kwa maji zinarudi ndani na kutoka tena kesho. Subiri wiki kadhaa kabla ya rangi.

Vijidudu vya ziwani, wale wanaopanda angani kama moshi, huibuka zaidi siku zinazofuata mwezi mwandamo, na taa huwaita. Usiku huo zima taa, funika kazi mbichi kwa chandarua isiyoigusa. Waliokwisha kunasa usiwafute wangali wabichi, wataacha mkia wa rangi. Kikikauka kila kitu, wapanguse kwa brashi ngumu.

Rangi iliyokufa

Bluu ya Prussia uliyoipaka juu ya chokaa au simenti mbichi ikageuka kahawia: ukali wa chokaa umeivunja. Tumia bluu ya ultramarine, inayoustahimili ukali huo, na rangi za udongo, ambazo ni chuma kilichokwisha kutua. Udongo mwekundu, ukichekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi, utakupa wekundu ambao hauogopi chokaa wala jua.

Rangi iliyofifia na kuwa na mabaka, hapa inang'aa, pale imekufa, imenywewa na mchanga. Ziba kinyonyaji kwanza kwa gundi iliyozimuliwa, kisha rudia rangi.

Lakini mara nyingi rangi hufa kwa sababu ya jicho. Mtu anaweka bluu ya mwambao wa bahari kwa sababu ameambiwa maji ni bluu. Simama Capri Point saa 3 asubuhi, baada ya mvua ya usiku. Ziwa ni kijani cha mwani kwenye ghuba, kahawia panapoingia mitaro, na mbali kule ni kama bati. Mawe ni kijivu chenye waridi ndani yake, na mistari myeupe ya kinyesi cha ndege. Kisha anatokea mjusi wa mawe, dume, kichwa na mabega waridi kali, mwili bluu. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, jina la mji wetu. Tazama ni kiasi gani cha rangi kali alichonacho ukilinganisha na jiwe lililombeba. Kazi zangu zilianza kupumua nilipopunguza rangi kali hadi kufikia kiasi cha mjusi.

Mwinuko upo, umbo halipo

Hili ndilo gumu zaidi. Hakuna ufa, hakuna kuvu, kila kitu kimeshika, lakini ukisogea hatua nne mchoro unakuwa ukuta uliopigwa rafu. Miinuko yote ina kimo kimoja, yote inapiga kelele. Chanzo cha kwanza ni kujaza. Chagua mahali pamoja pa juu kabisa, pengine pote pawe chini yake, na karibu theluthi ya ubao iachwe bapa kabisa: hiyo ndiyo maji au anga. Bila ubapa, mwinuko hauna wa kulinganishwa naye. Kwangua bila huruma. Msasa na patasi ni vifaa vya kuchorea kama brashi.

Chanzo cha pili ni vivuli viwili. Umejenga jiwe, lina kivuli chake halisi, halafu ukalipaka na kivuli cheusi. Taa ikitoka upande mwingine, vivuli vinagombana na jicho halijui limwamini nani. Kwenye mwinuko halisi paka rangi ya jiwe tu. Giza liachie mwanga.

Hapo tunafika kwenye mwanga wenyewe. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la studio litazame kaskazini, kwa sababu huko kwao jua haliingii upande huo. Sisi tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki liko kusini. Dirisha la kusini ni tulivu Juni, kisha Desemba linakuchomea ubao. Anayefuata kitabu hukausha kazi yake kwa jua miezi sita bila kujua, akarudi kule kwenye nyufa. Tundika pazia jeupe la kuhamisha.

Na jua letu hupita utosini karibu saa 6 na dakika 45 mchana. Mwanga wa saa hiyo, na taa inayotazama ubao uso kwa uso, hufuta miinuko yote. Hata mawe ya Mabatini kule mlimani huonekana bapa wakati huo. Usihukumu kazi kwa saa hiyo. Ihukumu saa 2 asubuhi au saa 11 jioni, mwanga ukiwa unalala.

Mchoro ukikubalika studio ukafa nyumbani kwa mteja, usiurudishe kuuchora upya. Nenda kwake usiku na tochi. Zima taa za sebuleni, mwambie ausimamishe ukutani, tembeza tochi polepole kutoka kushoto, kutoka juu, kutoka kulia, ikikaa karibu na ukuta. Kuna mahali jiwe litasimama. Hapo ndipo taa iwekwe, na msumari upigwe kwa kuifuata.